Kinyota Mbele ya Mzizi

Kando ya Barabara ya Bagamoyo, hapa Tegeta, vijana wanauza miche. Biashara yenyewe haina ukuta wala lango. Ni viroba vyeusi vilivyopangwa kwa safu, waridi upande huu, asumini upande ule, mitende ya mapambo nyuma, udongo mweusi kwa ndoo na samadi kwa kiroba. Muuzaji anakaa kwenye stuli chini ya mwarobaini, mpira wa maji uko miguuni pake. Kontena kuukuu nyuma yake ndiyo stoo ya majembe na toroli. Ukitaka nyasi zipandwe nyumbani kwako Wazo au Salasala, atakuitia fundi stadi. Mkishapatana bei, unavuka barabara kwenda stendi kutafuta gari la mjini.

Bustani, stuli, stoo, stadi, stendi. Maneno haya matano hayakuja pwani kwa chombo kimoja wala katika karne moja. Bustani ni Kiajemi kilichopitia Kiarabu: bu ni harufu nzuri, na stani ni mahali, ileile stani iliyomo katika Pakistani na Afghanistani. Stadi, pamoja na ndugu yake ustadhi, asili yake ni neno la kale la Kiajemi lenye maana ya mwalimu au bingwa wa kazi. Waarabu walilichukua kabla halijatufikia sisi. Stuli, stoo na stendi ni Kiingereza, maneno ya juzi tu, na hiyo stoo Waingereza nao waliipata kwa Wafaransa, na Wafaransa kwa Walatini. Nairobi abiria wa matatu hawaendi stendi, wanakwenda steji, na neno hilo nalo lilianzia Kilatini, likapita Ufaransa, likapita Uingereza. Wanaisimu wanayashika yote haya, moja baada ya jingine, na kuyarudisha kwenye mzizi mmoja wenye maana ya kusimama. Wanauandika hivi: *steh₂-.

Kinyota kile cha mbele ni kiapo cha uaminifu. Kinamwambia msomaji kwamba umbo hili halijaonekana katika maandishi yoyote duniani, si kwenye jiwe, si kwenye ngozi, si kwenye karatasi. Limefikiwa kwa kulinganisha. Mjerumani August Schleicher ndiye aliyeifanya desturi hiyo kuwa ya kawaida katika karne ya 19. Lugha yenyewe, Kiindo-Ulaya cha kale, kwa maoni ya watafiti wengi ilisemwa kwenye nyika za kaskazini mwa Bahari Nyeusi takriban miaka 5,000 hadi 6,000 iliyopita, na watu ambao hawakujua kuandika. Waliacha watoto na wajukuu: Kisanskriti, Kiajemi, Kigiriki, Kilatini, Kirusi, Kijerumani, Kiingereza na wengine wengi. Sauti ya bibi haikurekodiwa na yeyote. Kuna watu waliotumia maisha yao yote kuisikiliza katika vinywa vya wajukuu, nami nawastahi kuliko ninavyowastahi wachimbaji wa dhahabu ya mafarao.

Kuona kwamba lugha zinafanana si kazi kubwa. Tarehe 2 Februari 1786, jaji Mwingereza huko Kolkata, William Jones, aliwaambia wenzake kwamba Kisanskriti, Kigiriki na Kilatini vinafanana mno kiasi kwamba haiwezekani kuwa ni bahati tu, na kwamba lazima vilitoka chemchemi moja ambayo huenda haipo tena. Hotuba hiyo inasifiwa sana. Ila mfanano hata mtoto anauona. Ufundi ulianza baadaye kidogo, pale Rasmus Rask mwaka 1818 na Jacob Grimm mwaka 1822 walipoacha kuuliza maneno gani yanafanana, wakauliza yanatofautianaje, na kama tofauti hiyo inajirudia. Wakakuta inajirudia. Penye p ya Kilatini, Kiingereza kina f: pater, father. Penye t, kina th: tres, three. Penye k, kina h. Na inajirudia hivyohivyo katika mamia ya maneno, na neno lisilofuata lazima litafutiwe sababu, mpaka sababu ipatikane.

Hapo ndipo utamu unapoanza, maana kanuni hizo zinaunganisha maneno ambayo jicho lisingeyaunganisha kamwe. Chukua maneno matatu ambayo dereva wa daladala ya Tegeta anakutana nayo kila siku: honi, kona na serikali. Honi ni Kiingereza horn, pembe, kwa kuwa pembe ndiyo iliyopulizwa kwanza. Kona ni Kiingereza corner, kilichotoka kwa Wafaransa, nao waliitoa katika Kilatini cornu, ambayo pia ni pembe. Serikali ni Kiajemi: sar ni kichwa, kar ni kazi, mkuu wa kazi, msimamizi, kisha mamlaka yenyewe. Kichwa na pembe havikai mbali. Sasa tazama herufi za mwanzo: h, k, s. Kanuni inasema kwamba sauti moja ya kale, k iliyotamkwa ulimi ukiwa umesogea mbele kwenye kaakaa, ilibaki k kwa Walatini, ikawa h kwa jamaa za Waingereza, ikawa s kwa Waajemi na ś kwa Wahindi wa kale, ambao kichwa walikiita śiras. Maneno matatu yasiyoshirikiana hata herufi ya kwanza ni ndugu wa tumbo moja, na ushahidi wake ni kwamba tofauti zao zinakwenda kwa utaratibu uleule katika maneno mengine. Kiajemi sad na Kilatini centum, vyote vikiwa na maana ya mia, vinasema jambo lilelile, mradi ukumbuke kwamba c ya Walatini ilikuwa k.

Tena kuna senti yetu. Ni mtoto wa centum, nayo inaanza na s. Mtu mwenye haraka angesema: basi, imekwenda na Kiajemi. Fundi anasita. S ya senti ni changa. Ilizaliwa maelfu ya miaka baadaye, pale wasemaji wa Kilatini cha Ufaransa walipolainisha k mbele ya e. S ya serikali ni ya zamani sana. Zinasikika sawasawa na hazina uhusiano. Kupanga mabadiliko kwa umri, lipi lilitangulia na lipi likafuata, ni sehemu ya kazi hii ambayo vitabu vya kufurahisha watu huiruka, nami naiona ndiyo yenye adabu kubwa kuliko zote.

Na sasa rudi kwenye *steh₂-. Kiswahili kina maneno mengi yanayoanza na sta: starehe, stahili, stakabadhi. Mtu akiyaokota yote akayatia katika kapu moja na stadi na stendi, amepotea. Sta ya maneno haya ni kiambishi cha Kiarabu, ista, kinachowekwa mbele ya mzizi wa konsonanti tatu; ndani ya stakabadhi mzizi ni k-b-dh, kupokea na kushika, uleule tunaoukuta katika kukabidhi. Vilevile Posta, ambayo kwa miaka mingi imeandikwa ubavuni mwa magari ya barabara hii. Ina s, ina t, ina a, na asili yake ni Kilatini, tena inahusu vituo ambako farasi wa kubeba barua walikaa wakisubiri. Kila kitu kinavutia upande wa kusimama. Ila neno limetokana na posita, kilichowekwa, kutoka kitenzi ponere. T ile ni ya kiambishi cha mwisho tu, wala haimo katika mzizi. Posta inaondolewa kwenye orodha. Mwanaisimu mzuri ni kama mkaguzi wa hesabu: hafurahii jumla kutoka sawa mpaka kila senti iwe na stakabadhi yake.

Je, kwa nini basi stendi na bustani zinafanana hivyo, ikiwa Kiingereza kiligeuza t kuwa th? Mbona hatuna "sthendi"? Kwa sababu s iliyotangulia iliikinga. Baada ya s, ile t haikuguswa, na hili nalo linajirudia kila mahali. Mfanano ambao msomaji wa kawaida angeuchukua kuwa ndio ushahidi, kwa fundi ulikuwa jambo la kuelezwa kabla ya kukubaliwa.

Limebaki lile h₂, herufi yenye tarakimu inayoning'inia, ambayo haimo katika stendi wala bustani wala lugha yoyote inayosemwa leo kati ya zile zilizotoa neno hili. Kisa chake ndicho kilichonifanya niipende taaluma hii. Mwishoni mwa 1878, kijana wa Geneva aliyekuwa akisoma Leipzig, Ferdinand de Saussure, mwenye miaka 21, alichapisha kitabu kuhusu irabu za Kiindo-Ulaya. Tatizo lililomsumbua lilikuwa dogo sana kwa macho. Mizizi mingi ya lugha hizi ilikuwa na e katika umbo lake kamili, na e hiyo hutoweka mzizi unapofupishwa. Mzizi wa kusimama ulikaa peke yake na wenzake wachache: umbo kamili lilikuwa na a ndefu, kama Kilatini stare na Kisanskriti sthana, na lilipofupishwa irabu haikutoweka, bali ilibaki irabu fupi yenye sura tofauti kila lugha: Kilatini status, Kigiriki statos, lakini Kisanskriti sthita, yenye i.

Wengi wangesema hiyo ni mizizi isiyofuata kanuni, wakaendelea na mengine. Saussure alikataa. Alisema mizizi hiyo nayo ilikuwa na e kama wenzake, na baada ya e kulikuwa na sauti nyingine ambayo imekufa katika lugha zote. Ilipokufa, iliivuta e iliyo jirani yake ikawa ndefu na kuigeuza a. Palipokuwa hapana e, sauti yenyewe iligeuka irabu, Wagiriki na Walatini wakaitamka a, Wahindi wakaitamka i. Kwa hesabu hiyo kila kitu kilikaa mahali pake. Ila alikuwa anadai kuwapo kwa sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia, na wakubwa wengi wa taaluma hawakumsadiki.

Alifariki mwaka 1913. Wakati huo vibao vya udongo vilivyochimbuliwa tangu 1906 huko Boğazköy, Uturuki, vingi vilikuwa bado havijaeleweka. Mwaka 1915 Bedřich Hrozný alitangaza kwamba lugha ya vibao hivyo, Kihiti, ni ya jamii ya Kiindo-Ulaya, kongwe kuliko zote zilizoandikwa. Na mwaka 1927 Mpolandi Jerzy Kuryłowicz akaonyesha kwamba Kihiti kina sauti moja, wataalamu huiandika ḫ, iliyokaa palepale ambapo Saussure alisema kuna kitu. Mfano mmoja unatosha. Kilatini kina pascere, kulisha mifugo, na pastor, mchungaji. Makanisa ya Tegeta yamejaa mapasta, na neno ndilo hilo. Kwa Saussure a ile ilipaswa kuwa e pamoja na sauti iliyokufa. Kihiti cha kulinda ni paḫš-, na ḫ inaonekana imeandikwa kwenye udongo, mahali haswa. Miaka karibu 50 baada ya kijana yule kukaa mezani na orodha za vitenzi, ardhi ya Uturuki ilitoa jibu lake. Yeye hakuliona.

Mtu anaweza kudhani ufundi huu ni mali ya Ulaya. Lakini barabara inayopita Tegeta inaishia Bagamoyo, na katika misheni za Bagamoyo na Unguja aliishi padri Mfaransa, Charles Sacleux, karibu miaka 20 mwishoni mwa karne ya 19. Alikuwa mtaalamu wa mimea pia. Kuna jenasi ya mimea iitwayo Sacleuxia kwa heshima yake, na nadhani bustani za barabarani zingemfurahisha. Kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa ilianza kutoka Paris mwaka 1939, yeye akiwa na zaidi ya miaka 80. Ukiifungua unakuta neno limeandikwa kwa Kiunguja, kisha kwa Kimvita, kwa Kiamu, kwa Kingazija, na pale linapotoka Kiarabu au Kiajemi ameonyesha. Hakuridhika na neno moja sanifu. Alijua kwamba tofauti za lahaja ndizo malighafi.

Na ni kweli. Mtu wa Mombasa wa zamani husema mato, mtele, mtanga na kuteka. Wa Unguja husema macho, mchele, mchanga na kucheka. Mtu atasema basi t ya Mombasa ni ch ya Unguja, kwisha. Lakini wote wawili wanahesabu tatu, hakuna anayesema "chachu". Ina maana kwamba huwezi, kwa kuitazama herufi t ya Mombasa peke yake, kujua ipi itakuwa ch na ipi itabaki t. Tofauti ilikuwapo mwanzo, na Unguja wakaitunza. Upande unaotunza tofauti ambayo upande mwingine hauwezi kuitabiri ndio unaotuonyesha hali ya kale katika jambo hilo. Hakuna kitabu kilichohitajika. Masikio mawili na uvumilivu.

Hata ile sauti iliyokufa ya Saussure ina ndugu yake kwetu. Ubao, wingi wake mbao, ulimi, ndimi. Wingi wa ukuta ungetarajiwa uwe "nkuta", na wa upanga uwe "mpanga", lakini tunasema kuta na panga. Kiswahili kiliiangusha n mbele ya k, p, t na ch, karibu katika ngeli nzima. Ndiyo maana kuku wetu hana kitu mbele, wakati Waganda wana enkoko, Wanyarwanda inkoko, Wazulu inkukhu. Na haikuondoka bila alama. Wazee wa Mombasa na Lamu wanapotamka kuku, k ya kwanza inatoka na pumzi, hewa inayogusa kiganja ukikiweka mbele ya mdomo. Pumzi hiyo ndiyo kumbukumbu ya n. Paa wa porini anatamkwa kwa pumzi. Paa la nyumba, ambalo halikuwa na n, linatamkwa bila. Sisi wa Dar es Salaam tumeipoteza pumzi pia, na kwetu maneno hayo mawili yamekuwa sauti moja.

Kwa njia hizi Carl Meinhof aliandika sauti za Mame-Bantu, lugha mama ya lugha za Kibantu, mwaka 1899, na Malcolm Guthrie akatoa juzuu nne za mizizi kati ya 1967 na 1971, kila mmoja na kinyota chake. Katika miaka ya 1970 Derek Nurse na Gérard Philippson walikusanya orodha za maneno ya lugha nyingi za Tanzania, neno kwa neno, lugha kwa lugha. Ni kazi ya kuchosha, ya kumuuliza mzee jina la goti, la jivu, la inzi, na kuandika anachosema wala si unachotarajia. Kutokana na kazi ya aina hiyo Nurse na Thomas Hinnebusch walichapisha mwaka 1993 historia ya Kiswahili na jamaa zake wa karibu.

Matokeo yake yanaigusa Tegeta moja kwa moja. Hapa ni nchi ya Wazaramo, na Kizaramo kimekaa ubavuni mwa Kiswahili kwa karne nyingi. Wamekopeshana maneno kiasi kwamba mgeni anaweza kudhani kimoja ni lahaja ya kingine. Lakini Mzaramo anasema munhu, ambapo sisi tunasema mtu, Mhaya omuntu, Mchaga mndu na Mhehe munu. Ile nt ya kale imekwenda njia tano, na njia ya Kizaramo si yetu. Udugu wa lugha haupimwi kwa maneno zinayoshirikiana, kwa kuwa maneno hukopwa sokoni na ndoa zikifungwa. Unapimwa kwa mabadiliko ya sauti na ya sarufi ambayo lugha ziliyapitia pamoja zilipokuwa bado nyumba moja. Kwa kipimo hicho Kizaramo kinakwenda kukaa na Kiluguru, Kikwere na Kikutu, kwenye kundi la Ruvu. Kiswahili kinakwenda kukaa na Kikomoro, Kimijikenda, Kipokomo na Kielwana, kundi lililopewa jina la Sabaki kutokana na mto wa Kenya. Jirani wa ukuta mmoja ni binamu, na ndugu wa damu yuko ng'ambo ya bahari Ngazija na kwenye kingo za mto Tana, kwa wakulima wa Kipokomo ambao wengi wetu hapa hatujawahi kukutana nao.